Salamu za Majilio na Krismasi kutoka Herrnhut

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nawaandikia nikiwa nimekaa jikoni. Ni saa kumi jioni na nje giza limeshaingia. Huku Saxony, mashariki kabisa mwa Ujerumani, jirani na Poland na Ucheki, jua la Desemba huchungulia tu na kuondoka. Baridi hainisumbui sana, maana aliyelelewa na ukungu wa Rungwe, kule kwetu Mbeya, Tanzania, ameshazoea sweta. Giza ndilo lililonikaa kifuani mwaka wa kwanza. Sasa hii ni Majilio yetu ya tatu hapa, mimi na mama watoto na watoto wetu wawili, na nimeelewa kwa nini watu wa mji huu hutundika nyota.

Nyota ya Herrnhut ya kawaida ina ncha 25: 17 za pembe nne na 8 za pembe tatu. Ilianzia katika shule ya kanisa letu la Moravian mjini Niesky, si mbali na hapa, mwanzoni mwa karne ya 19, wanafunzi wakijifunza hesabu za maumbo kwa karatasi. Katika shule za bweni za namna hiyo walisoma watoto wengi wa wamisionari. Baba na mama wako ng'ambo, barua inachukua miezi, na mtoto anakunja karatasi Jumapili ya kwanza ya Majilio. Niliposimuliwa hilo mara ya kwanza nilitoka nje kidogo.

Yetu ni ya karatasi, na aliyetufundisha kuiunganisha ni bibi jirani yetu. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, lakini anajua kila ncha inakaa wapi. Mwanangu mdogo alitaka kuanza na zile nyekundu kwa sababu zinang'aa. Bibi akamshika mkono, akamwonyesha zile za pembe tatu na mahali pake, kisha akamwachia abane mwenyewe vile vibanio vidogo vya shaba, kimoja kimoja. Jioni nzima ikaisha hivyo. Nyota haikukaa sawa, imeegemea upande mmoja, lakini iko dirishani na itakaa pale hadi tarehe 6 Januari.

Mwaka huu Mungu ametupa kazi nyingi, na iliyonifurahisha kuliko zote ni kambi ya lugha ya mwezi wa saba. Tulikuwa na vijana 14 waliomaliza shule, wote wakijiandaa kuja Tanzania kwa mwaka mmoja wa kujitolea. Wiki nzima tulilala nyumba moja chini ya milima ya Zittau. Asubuhi salamu, mchana ngeli, jioni nyimbo na ugali waliousonga wenyewe kwa zamu hadi mikono ikauma. Salamu peke yake ilichukua siku mbili. Walishangaa kwamba mtu anaweza kuuliza za nyumbani, za kazi, za watoto, za tangu juzi, na kwamba haraka yake si kisingizio.

Siku ya tatu tulifika ngeli ya watu. Nikaandika ubaoni: mtu, watu, mtoto, watoto, mgeni, wageni. Kijana mmoja mwenye miwani, anayeandika kwa herufi ndogo sana, alitazama kamusi yake kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono. Kamusi ilimpa maneno mawili ya Kijerumani kwa neno letu moja: *Gast*, yule unayemwandalia chakula, na *Fremder*, yule usiyemjua. Akaniuliza lipi ni sahihi. Nikamwambia yote mawili. Akauliza tena, kwa heshima kabisa: "Sasa mtu akisema mgeni, utajuaje anamaanisha yupi?"

Nilisimama na chaki mkononi. Nimesema neno hilo tangu nijue kusema na sikuwahi kuliona lina nyufa. Mwishowe nikamweleza jinsi tunavyofanya: mtu akibisha hodi anaambiwa karibu, analetewa kigoda, anapewa maji, ndipo habari zinaulizwa. Anakuwa *Gast* kabla hatujajua ni nani. Nikawapa na methali, "mgeni njoo, mwenyeji apone," na ile nyingine, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Hii ya pili waliipenda mno. Kesho yake nilikuta imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye mlango wa jiko, juu ya ratiba ya kuosha vyombo.

Usiku huo usingizi ulichelewa. Nilikumbuka mwezi wetu wa pili huku, kwenye kituo cha basi katika mji wa jirani, mwanamume mmoja alipomfokea mke wangu arudi kwao, watoto wakisikia. Mama watoto hakujibu. Basi lilipofika aliwashika mikono wakapanda, akawaimbia njia nzima. Wiki hiyo hiyo bibi jirani aligonga mlango wetu akiwa na chupa mbili za jamu ya bustanini kwake na jozi nne za soksi za sufu alizofuma bila kutupima miguu, na zikatutosha. Kwa hiyo maana zote mbili za neno lile tumeonjeshwa ndani ya siku saba. Nawaambia haya kwa sababu mnatuombea, na anayekuombea anastahili kujua anaomba juu ya nini.

Na mji huu ulianzishwa na wageni. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, walipewa hifadhi kwenye ardhi ya Zinzendorf, bwana mwenye ardhi ya eneo hili, na seremala Christian David akaangusha mti wa kwanza hapa. Miaka kumi baadaye, wakiwa bado watu wachache na maskini, walituma wamisionari wao wa kwanza kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, huko Karibi, na mwaka 1891 wamisionari akina Theodor Meyer na Theophil Richard wakafika Rungwe. Leo Wamoravian walio wengi kuliko popote duniani wako Tanzania. Babu zetu waliwapokea watu wasiowajua. Huwa nalifikiri hilo ninapopita kati ya mawe ya makaburi pale kilima cha Hutberg, mawe yaliyolazwa chini, sawasawa, ya mkubwa na ya mdogo.

Mwezi wa nane tulialikwa harusi. Bibi harusi alikuwa kwenye kambi ya kwanza niliyofundisha. Ni mwuguzi, alikaa mwaka mmoja Mbeya, na Kiswahili chake kimebaki na lafudhi ya kule hadi raha. Nilimpigia simu baba yake kumwuliza kamati inakaa lini na mchango ni kiasi gani. Mzee hakunielewa. Huku hakuna kamati, hakuna kadi ya mchango, na hakuna wageni mia tano. Walikuwa kama sabini. Kila familia iliombwa kuoka keki moja. Mama watoto alioka mbili, kwa sababu kwenda harusini na kitu kimoja kulimshinda.

Usiku wa kuamkia harusi majirani walikusanyika mlangoni kwa akina bibi harusi wakiwa na sahani kuukuu, wakazivunja chini kwa kishindo. Vioo havivunjwi, ni vyombo vya kaure tu. Kisha maharusi wanafagia wote wawili, mmoja na ufagio, mwingine na koleo, na wakimaliza anatokea mtu na sahani nyingine. Mke wangu alipeleka sahani mbili zilizochubuka, na hata hizo alizigeuzageuza mkononi kabla ya kuziachia.

Kesho yake tulikuwa kanisani. Ukumbi wa ibada wa Herrnhut ni mweupe wote: kuta nyeupe, mabenchi meupe, meza tu mahali pa madhabahu. Zamani akina mama hapa walivaa kofia za kitambaa zenye utepe, na utepe ulisema habari za mtu: waridi kwa asiyeolewa, bluu kwa aliyeolewa, mweupe kwa mjane. Bibi jirani ametunza kofia ya nyanya yake ndani ya sanduku, utepe wake wa bluu umefifia. Alimwazima bibi harusi utepe ule, akaufunga kwenye shada la maua. Nadhani sisi wachache tuliojua ndio tuliouona.

Maharusi walipogeuka kutukabili, bibi harusi alimtazama mke wangu. Walikuwa wamepatana. Mama watoto akapiga vigelegele. Ndani ya ukumbi ule wenye utulivu mkubwa, sauti ilipanda hadi darini ikarudi, na wazee wa mbele wakageuka wote kwa pamoja. Kimya kidogo. Kisha bibi harusi akajibu kwa vigelegele vyake vya Mbeya, vikiwa vimekatikakatika kwa machozi, na watu wakaanza kupiga makofi. Nje tulikuta gogo na msumeno wa watu wawili. Desturi yao maharusi wapasue gogo mbele ya wageni. Kijana alikuwa anasukuma kwa nguvu, msumeno ukakwama. Nimekua karibu na wapasua mbao, nikashindwa kunyamaza: "Vuta tu, halafu mwachie mwenzako avute." Bibi harusi akamtafsiria. Gogo likaanguka vipande viwili na mimi nikakaribishwa meza ya wazazi. Akina mama watatu wazee walikuja baadaye kumwomba mke wangu awafundishe vigelegele. Wanaendelea kujifunza, jikoni kwetu, Alhamisi mchana.

Jioni ya tarehe 24 watoto watapewa mishumaa kanisani, desturi ya Wamoravian tangu 1747, na wetu wawili watakuwa mstari wa mbele. Asubuhi yake tutasoma neno la siku lile lile mnalosoma ninyi huko, maana linachaguliwa kwa kura papa hapa Herrnhut na kuchapishwa kwa lugha zaidi ya 50.

Wale vijana 14 wa kambi tayari wako kwenu, wametawanyika, na hii ni Krismasi yao ya kwanza mbali na nyumbani. Giza la Desemba halipo huko, lakini najua saa ya jioni itakayowapata. Wakaribisheni. Yule mwenye miwani yuko upande wa Tukuyu. Mpeni mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na maziwa ya mgando, na msimwache akae peke yake akisoma kamusi. Siku ya tatu mpeni jembe, anajua maana yake.

Sisi wote tunawasalimu. Krismasi njema na heri ya mwaka mpya. Ndaga fijo, asanteni sana, kwa maombi yenu.