Mpira wa gia si pambo, ukaguliwe kabla giaboksi haijafunguliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kitu kidogo ambacho wengi wetu hatukijui mpaka kituletee hasara, nacho ni mipira inayoziba na kushikilia mkono wa gia katika magari ambayo dereva hubadili gia mwenyewe kwa kukanyaga klachi. Nimesukumwa kuandika na jambo lililonipata, na pia na mazoea ninayoyaona kwa madereva wenzangu ya kukimbilia kufungua giaboksi kila gia zinapoanza kusumbua, ilhali juu ya giaboksi hiyo pana mpira uliopasuka ambao hakuna aliyejishughulisha kuutazama.

Gari langu lilianza na kelele. Mngurumo ambao zamani niliusikia kwa mbali tu ukawa unapanda kutoka sakafuni kana kwamba mtu ametoboa tundu karibu na goti langu, na baada ya safari ndefu sehemu inayozunguka mkono wa gia ilikuwa na joto la kukufanya uondoe mkono. Nikapuuza. Baadaye nikaona vumbi laini likijikusanya ndani ya mikunjo ya mfuko wa gia hata madirisha yakiwa yamefungwa, na mwisho mkono wenyewe ukalegea: gia ikiwa imeshaingia, bado ulicheza kushoto na kulia kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Fundi niliyemwendea aliendesha gari mwendo mfupi, akasema sinkronaiza zimekwisha, yaani zile ringi zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaumana, na kwamba giaboksi lazima ishushwe na ifunguliwe yote. Nilikuwa karibu kukubali, maana ni wangapi kati yetu wanaoweza kubishana na fundi juu ya kitu wasichokiona?

Aliyeniokoa ni fundi mwingine, mtu mzima asiye na maneno mengi, ambaye kabla ya kushika spana aliinua ule mfuko wa ngozi, akaniambia nikae kwenye kiti na kuutazama mpira uliokuwa chini yake, kisha akaingia uvunguni na tochi. Niliuona mwanga wa tochi yake ukipenya kwenye mpira, mstari mweupe wa urefu wa kidole, mahali ambapo hapakupaswa kuonekana mwanga wowote. Alipoutoa na kuniwekea mkononi ulikuwa mkavu kama gome la mti, na nilipoukunja kidogo tu ukakatika na kuniachia unga mweusi vidoleni. Bushi, yaani kipande kidogo cha duara cha mpira au plastiki kinachoshika mwisho wa rodi ya gia, nayo ilikuwa imeliwa, tundu lake la duara limerefuka kama yai. Vikabadilishwa vitu hivyo viwili, na giaboksi haikuguswa mpaka leo.

Tatizo, nadhani, ni kwamba tukisema mpira wa gia kila mtu hufikiria kitu chake. Mfuko wa ngozi au plastiki laini unaoonekana ndani ya gari ni wa kupendezesha zaidi kuliko wa kuziba. Chini yake ndipo kuna mpira wenyewe, mzito, wenye mikunjo kama mivukuto ya mhunzi, uliobanwa sakafuni kwa ringi ya chuma na bolti chache. Huu ndio unaozuia joto, kelele, maji, vumbi na moshi visiingie. Chini zaidi kuna bushi za mpira au plastiki kwenye maungio ya rodi au kwenye ncha za kebo za gia, na mwisho kabisa, pale shafti ya kuchagulia gia inapoingia ndani ya giaboksi, kuna sili ya oili, pete ndogo yenye mdomo laini unaokumbatia shafti, mara nyingi ukisaidiwa na springi nyembamba. Kila kimoja kikichakaa kina dalili zake: mpira wa sakafuni huleta kelele na joto, bushi huleta mkono unaocheza, na sili huleta oili inayolowanisha ubavu wa giaboksi na kukusanya uchafu mweusi.

Mipira hii haichakai kwa sababu ya uzee peke yake. Katika magari mengi bomba la ekzosi hupita karibu kabisa na mahali hapo, kwa hiyo mpira huchomwa kila gari linapotembea. Mpira wa kawaida hupata uimara wake kwa kuchanganywa na salfa na kupashwa moto, njia ambayo mvumbuzi Charles Goodyear alipewa hataza yake, yaani haki ya kuimiliki kisheria, nchini Marekani mwaka 1844, na ambayo huziunganisha nyuzi zake ndogo ndogo zisiteleze ovyo. Joto la miaka mingi, likisaidiana na oksijeni, huendelea kuzifunga nyuzi hizo hata baada ya mpira kutoka kiwandani, ndiyo maana aina nyingi za mpira huwa ngumu na hatimaye kupasuka. Hewa ya ozoni nayo huukata mpira uliovutwa, na mpira wa mkono wa gia huvutwa kila mara dereva anapobadili gia.

Hapa naomba niseme neno juu ya tiba za haraka, kwa kuwa nimeziona nyingi. Wapo wanaokata kipande cha tyubu ya tairi na kukifunga kwa waya pale mpira ulipopasuka. Tyubu haikutengenezwa ikae kwenye oili. Ikilowa huvimba, hulainika na kuachia. Wapo pia wanaopaka gundi ya silikoni juu ya ufa bila hata kufuta grisi, nayo hubanduka kwa sababu kitu kinachokunjwa mamia ya mara kwa siku hakiwezi kushikwa na gundi iliyokaa juu ya mafuta. Sili inayogusa oili ya giaboksi hutakiwa iwe ya mpira unaostahimili mafuta, kama naitrili. Mpira wa sakafuni mara nyingi huwa wa aina inayostahimili hali ya hewa na joto, lakini baadhi ya aina hizo, kama mpira wa kiwandani uitwao EPDM, huharibiwa na grisi ya kawaida itokanayo na mafuta ghafi, hivyo ukitaka kulainisha tumia grisi ya silikoni. Kuusafisha kwa petroli ni kuumaliza. Maji ya sabuni yanatosha.

Kazi yenyewe ya kubadilisha mpira wa sakafuni si ngumu, na dereva mvumilivu anaweza kuifanya. Gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yazuiwe kwa magogo, na ekzosi iachwe ipoe, kwa maana ndipo mikono ya wengi huungulia. Kichwa cha mkono wa gia hufunguliwa kwa kuzungushwa au kuvutwa, kutegemea gari, na mahali pengine hushikwa na nati ya kukazia chini yake, kwa hiyo asitumie nguvu kabla hajatazama. Mfuko wa juu hung'olewa kwenye klipu zake, ringi ya chuma hufunguliwa, na mpira wa zamani huvutwa juu. Kabla ya kuweka mpya, futa kabisa kingo za sakafu, kwa sababu mchanga uliobaki chini ya mpira mpya ni njia ya vumbi na maji tangu siku ya kwanza. Bolti zikazwe kwa zamu, moja huku na ya pili mkabala wake, ili mpira ukae sawa. Kisha, kabla hujafunika, ingiza gia zote pamoja na ya kurudi nyuma, injini ikiwa imezimwa, uone kama mpira haujivuti kupita kiasi upande wowote.

Sili ya oili ni jambo jingine, na hiyo ningemwachia fundi, ila mwenye gari ajue mambo ya kumwuliza. Amwulize kama uso wa shafti umekaguliwa, kwa kuwa shafti yenye mchubuko au mfereji itaikata sili mpya kama ilivyoikata ya zamani. Amwulize kama mdomo wenye springi umeelekea upande wa oili na kama umepakwa oili kidogo kabla ya kuingizwa. Zaidi ya yote amwulize habari za tundu la kupumulia la giaboksi. Giaboksi ikipata moto hewa iliyomo hutanuka, na kama tundu hilo limezibwa na tope, msukumo huo utatafuta njia kwenye sili, hata iwe mpya namna gani. Nimewahi kuona sili ikibadilishwa mara mbili kwenye gari la jirani yangu, na kila mara mwenye gari akilaumu ubora wa spea, kumbe ni tope lililokauka kwenye tundu dogo ambalo lilihitaji kufutwa tu.

Nikirudi kwenye kelele na vumbi, nisingependa wasomaji waone kwamba haya ni masuala ya starehe. Ekzosi inayovuja chini ya gari lenye mpira uliopasuka inaweza kuingiza ndani hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo humlegeza dereva kwa kichwa kuuma na usingizi kabla hajashtuka. Oili inayovuja polepole kwenye sili nayo haimuumizi mtu leo, lakini giaboksi nyingi za namna hii hazina taa ya kuonya kwamba oili imepungua, na beringi zikianza kulia kwa ukame, hapo ndipo giaboksi itafunguliwa kweli.

Mhariri, nina maombi mawili kupitia gazeti lako. La kwanza ni kwa mafundi, ambao ninawaheshimu na ninaishi kwa msaada wao: mteja akija na mkono wa gia unaocheza au giaboksi inayolia, mwonyesheni kwanza hali ya mpira, bushi na sili kwa tochi, na mumpe mkononi kile mlichokitoa, kabla hamjamwambia habari za kushusha giaboksi. La pili ni kwa watengenezaji na wauzaji wa spea, kwamba mipira na bushi hizi ziuzwe pia moja moja, kwa sababu ipo tabia ya kumtaka mtu anunue mkono mzima wa gia pamoja na kikalio chake ilhali kilichoharibika ni kipande kinachotosha kwenye kiganja.

Mpira wangu mpya nimeshautumia kwa muda wa kutosha, na bado, kila ninaposafisha gari, huinua ule mfuko wa ngozi na kupitisha kitambaa cheupe kuzunguka kingo zake. Mara ya mwisho kilitoka bila vumbi.

Ni mimi msomaji wako,
Mwenye gari la gia za mkono