Shukrani kwa katekista wangu

Mama, mwalimu wangu wa dini, jina lako silitaji kwa kuwa hupendi sifa, ila shukrani hizi ni zako. Nilikuwa na miaka 16, najiandaa kwa Kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika imani, na moyoni nina mashaka kama kweli Kristo yumo katika Ekaristi, yaani mkate na divai ya Misa. Nyumbani swali hilo lilizua machozi. Wewe ulifunga daftari la mahudhurio, ukavuta kiti, ukaniuliza, "Umeanza kuwaza hivi lini?"

Ukanisomea habari za Tomaso katika Injili ya Yohana: alikataa kusadiki kwamba Yesu amefufuka, na wenzake hawakumfukuza. Ukaniambia kuwa barua za Mama Teresa wa Kalkuta, zilizochapishwa mwaka 2007, zinaeleza giza la kiroho alilolibeba miaka mingi. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulikwisha kutamka mwaka 1965 kwamba mtu asishurutishwe kuamini. Kisha (na hili sitalisahau) ukaenda mwenyewe kuwasihi wazazi wangu waniache nisubiri kupokea Kipaimara. Bila hivyo ningeahidi kwa midomo tu mbele ya Askofu.

Majibu yote sijayapata. Misa nahudhuria kwa hiari yangu, na wazazi siku hizi tunazungumza bila kugombana. Asante sana, Mama. Mungu akuzidishie.