Risala ya wanaklabu wa lugha kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mlezi wetu, wahadhiri na wanachuo wenzetu, karibuni sana.

Mgeni rasmi, wengi wetu hapa tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukaingia fomu wani kila kitu kikageuka Kiingereza, sasa mtoto asipoelewa anafanyaje, anameza tu, anameza notsi mpaka fomu siksi na chuo anakuja kuendelea na desa, zile notsi za kutoa kopi. Mtihani anafaulu. Ila ikifika prezentesheni kundi zima linamsukuma mbele yule wa inglishi midiam, wengine wameshika laptopu. Na sisi tulikuwa hivyo hivyo, tukajua hatuna akili ya lugha, kumbe shida ni namna tunavyojifunza.

Chukua hili la he na she. Kwenye karatasi hakosei mtu, lakini akianza kusimulia habari za mama yake ghafla mama kawa he, maana Kiswahili chetu yeye ni yeye tu, awe mwanamke awe mwanaume, ulimi haujazoea kuchagua. Hiyo huwezi kuikariri. Kwahiyo kila Alhamisi jioni tunakaa vimbweta, yale mabenchi ya saruji ya nje, kila mtu anasimulia habari za mtu wa kwao, ukikosea hukatizwi, mwenzako anaandika pembeni, ukimaliza anakuonyesha halafu unasimulia upya. Kuna mwenzetu semista nzima alikuwa hafungui mdomo, mwezi uliopita kasimama kwenye semina kajibu swali la lekchara bila kusoma popote, jamani tulipiga makofi mpaka tukaambiwa tunyamaze!

Pia tumeacha kukimbilia simu kila neno jipya, kwanza unakisia maana kwenye sentensi ndo unafungua kamusi, neno ulilolihangaikia halitoki kichwani.

Mgeni rasmi, saa moja jioni vimbweta ni giza, na mvua ikinyesha ndo mpaka wiki ijayo. Tunaomba chumba kimoja chenye taa, Alhamisi tu, masaa mawili, na kamusi hata kumi. Na utusemee kwa wakubwa, lile somo la stadi za mawasiliano tunasoma mamia ya watu ukumbi mmoja, mtu anamaliza hajatamka sentensi hata moja, tugawiwe vikundi vidogo tuongee.

Ahsante sana, tunaomba kuwasilisha.