Barua kwa wanafunzi wa sinema wa Goma: zimeni sauti kwanza

Wana wetu,

Salamu. Mnajaza kadi memori filamu 40, halafu mnazimaliza kama mtu anayetafuna karanga. Filamu moja fupi inatosha kwa jioni moja, ilimradi muiangalie mara tatu kabla kuranti haijakatika.

Anzeni na Borom Sarret ya Ousmane Sembène, ya 1963. Ina dakika kama 20, na inamfuata mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar, ndugu kabisa wa msukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, anayeteremka na makaa kutoka Kibumba. Mara ya kwanza msisimamishe. Mara ya pili zimeni sauti, na kila shoti, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatizwa, inapokatika mchore mstari daftarini. Mara ya tatu geuzeni kioo kiangalie ukuta, msikilize tu. Filamu hii ilipigwa bila sauti, maneno yakapachikwa baadaye. Basi asiye na maikrofoni nzuri asinililie.

Kaeni sana kwenye sehemu ya polisi. Mwenye mkokoteni ameingia mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni imekatazwa. Anasimamishwa, anatoa karatasi zake, medali yake inaanguka, na kiatu cha polisi kinaikanyaga. Kamera imeshuka hadi ardhini kutuonyesha hicho kiatu. Ingebaki mbali, na polisi, farasi na mtu wote ndani ya picha moja, medali ingepotea machoni petu. Wengi wenu mnapiga kila kitu kwa mbali kwa kuogopa kumsogelea mtu, kisha mnamwagia muziki wa huzuni juu yake. Muziki hauzibi pengo hilo.

Baadaye tafuteni Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, ya 1948. Baba anayetafuta baiskeli yake iliyoibwa ni Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwanda, si mwigizaji. Karibu na mwisho, nje ya uwanja wa mpira, baiskeli zimepangwa tele. Upande wa pili kuna moja peke yake mlangoni. Andikeni kwa mpangilio: anaangalia wapi, anaona nini, uso unageukaje. Wazo la kuiba linazaliwa mbele yetu kwa macho tu.

Jihadharini na televisheni: picha za filamu hizi mbili zinakaribia mraba, nayo inazivuta hadi nyuso zinakuwa pana kama sahani. Wekeni 4:3, upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu, pembeni pabaki peusi.

Asiye na kamera aone La Jetée ya Chris Marker (1962): dakika 28 za picha za mnato, isipokuwa shoti moja tu ambayo picha yake inasogea. Hiyo shoti itafuteni wenyewe. La Vie est belle (1987), ya Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, na Benoît Lamy, hadithi yake imelegea kidogo, sifichi. Angalieni tu jinsi nyimbo za Papa Wemba zinavyoisukuma mbele.

Kisha pigeni filamu ya chukudu: dakika 3, shoti 12, bila neno. Mawe yetu ya lava ni meusi na mbingu ya mchana ni nyeupe. Simu ikiachiwa itafuata mbingu, uso ubaki giza. Bonyezeni uso kwenye kioo na kushikilia kidole hadi mwanga ufungwe, au mpige kabla ya saa tatu asubuhi. Mlio wa gurudumu mrekodi mbali na picha, simu ikiwa hatua moja tu kutoka kwake, pikipiki zikishapita.

Mzee wenu, Katindo