Barua kwa mwanangu wa Goba

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za Magomeni. Sisi ni wazima, mama yako goti linamsumbua lakini mdomo haujambo. Barua hii anakuletea mdogo wako pamoja na dagaa na kiroba cha unga. Usimrudishe mikono mitupu, na nauli yake ya kurudi iko juu yako.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Kila Jumamosi nikikupigia unaniambia uko ndani, umelala, Dar inachosha, Dar hakuna cha kufanya zaidi ya kukaa kwenye foleni na kwenda kula chipsi kwenye jengo lenye kiyoyozi. Nikisikia hivyo nashika kichwa. Mimi nimezeekea kwenye kibaraza cha Kariakoo nikishona, na fundi cherehani anaujua mwaka wa mji huu kuliko kalenda ya ukutani. Ramadhani ikifika nusu, kanzu na magauni ya Idi yamejaa mpaka sina pa kukaa. Desemba ikikaribia wanakuja watu wa Moshi na Bukoba wanaotaka nguo za kwendea kwao. Katikati hapo ni sare: sare za kitchen party, sare za sendofu, sare za kwaya, sare za vikundi vya ngoma, na akina mama wa upatu waliovunja mchezo wakaamua wote watoke na kitenge kimoja. Sikuhitaji tangazo. Sherehe za mji huu zilipita mezani kwangu zikiwa bado ni vitambaa.

Kwa hiyo ninapokwambia mambo yapo, amini kwamba yapo. Wewe hujaambiwa tu, na hujaambiwa kwa sababu huko uliko huna wa kukwambia. Una geti, una ukuta, una mlinzi, na nyanya unaletewa na bodaboda. Hebu nijibu: yule mama mwenye genge pale kona unapoingilia kwako, anaitwa mama nani? Nilipokuja kukutembelea mimi nilikuwa nimeshamjua kabla sijafika kwako, kwa sababu yeye ndiye aliyenielekeza. Wewe uliniambia, "Baba, sijawahi kusimama pale." Zaidi ya mwaka, mwanangu!

Anza na huyo. Mwenye genge kama yule anaamka saa tisa usiku kwenda soko la Mabibo. Tenga la nyanya ni kubwa kwa mtaji wake, kwa hiyo wanashirikiana wawili watatu, wanalinunua, wanagawana palepale, kila mtu na ndoo yake na daladala yake. Asubuhi anapanga mafungu, makubwa mbele, yaliyopondeka pembeni kwa ajili ya mama lishe watakaoyachukua kwa bei ya chini. Jua likishuka nyanya zimelegea na yeye hataki kulala nazo. Ndiyo maana watu wanasema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Ukinunua asubuhi unachagua, ukinunua jioni unapunguziwa, lakini ukinunua kila siku unapewa nyongeza: pilipili mbili, kitunguu, kishada cha kotimiri kinachotupiwa mfukoni bila kuombwa. Na usimkandamize bei kana kwamba uko Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kule ni mchezo, mwenye duka amepandisha akijua utashusha. Huyu wa kona amepiga hesabu ya mkaa, nauli na daftari la mtoto, kilichobaki ni kidogo sana. Tembea na noti ndogondogo pia. Lipa namba ni nzuri, lakini makato ya simu kwenye fungu la mchicha yanauma, hata kama hatakwambia.

Kwa Mangi nenda vilevile. (Wa kwako ni Msukuma, nimeongea naye, lakini hapa mjini mwenye duka la mtaani ni Mangi hata awe ametoka wapi.) Najua unanunua sukari ya mwezi mzima dukani kubwa, na kwa hesabu ya kilo huenda unaokoa. Lakini mtaa mzima haulipwi kwa mwezi. Watu wanapata leo wanakula leo, ndiyo sababu mafuta ya kula yanapimwa kwa kipimo, sukari robo, sabuni ya mche inakatwa vipande, na chini ya kaunta kuna daftari la madeni. Ukitaka kujua nani ni nani mtaani, lile daftari lingetosha, ila Mangi mwenye akili hamwonyeshi mtu. Wewe mshahara wako unakaa benki, hukopi. Sawa. Lakini msiba ukitokea nyumba ya tatu, orodha ya michango hupita kwake. Mwanao akipotea njia, huko baadaye ukijaliwa, atamrudisha yeye.

Nilitaka kukwambia ukae kijiwe cha kahawa, kisha nikakumbuka vijiwe vimejaa wazee kama mimi na mtakuwa mnaoneana haya. Hata hivyo muuza kahawa anayepita na birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vikigongana mkononi, msimamishe siku moja. Kahawa haina sukari, kwa hiyo chukua na kashata. Kunywa umesimama, rudisha kikombe kwenye ndoo yake, muulize jioni kuna nini. Atakutajia kila mechi na kila ngoma kuanzia pale mpaka Mbezi. Wewe lakini una kitu ambacho mimi sina: saluni. Msusi anakukalisha saa nne, na katika saa nne hizo hakuna jambo la mtaa litakalobaki halijasemwa. Acha kuweka zile spika za masikioni.

Ukishapata watu wa kukwambia, utaona Jumamosi hazitoshi. Anza na ndondo, mpira wa mtaani. Huko kwenu nilipita jioni nikaona kiwanja cha vumbi kimechorwa chokaa, na vijana wananiambia wanagombea mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa nyuma ya goli, amevishwa utepe, anakula nyasi hana habari. Usicheke, ile mechi ina ugomvi kuliko ligi kuu. Kuna mtangazaji mwenye kipaza sauti kibovu anayewaita wachezaji kwa majina ya utani, na mshika kibendera anayetukanwa na shangazi zake mwenyewe. Pembeni biashara zote za mtaa zimehamia pale: barafu za ubuyu, miwa iliyokatwa vipande kwenye mfuko, mahindi ya kuchoma, karanga kwenye koni ya karatasi, na yule wa pweza mwenye meza ndogo, vipande vimechomwa njiti na kikombe cha supu yenye pilipili. Mama wa genge yako alikuwepo pia, anauza matikiti kwa kipande. Mchezaji mmoja wa pembeni alikuwa mwanawe. Ungekuwa unamjua, ungekuwa na timu ya kushangilia.

Sikutumi kwenye vigodoro, tuelewane. Ule muziki wa kukesha barabarani sijui hata aliyeuanzisha alikuwa anakomoa nani. Lakini ngoma ya mchana, mdundiko unaopita na watu nyuma, simama utazame. Na siku ukipata wageni kutoka ofisini, wapeleke Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, waone nyumba za makabila zilivyojengwa. Kisha wapitishe Mwenge kwa wachonga vinyago. Kule punguza mwendo, waache wazee wachonge mbele yenu. Kinyago cha mpingo kikiwa bado kinachongwa ndipo utajua ule weusi uko ndani ya mti wenyewe, haukupakwa, kwa sababu ganda la nje ni jeupejeupe na wanaliondoa kwa tezo. Jioni malizieni mihogo ya ufukweni Coco. Hii huhitaji mzee wa kukufundisha.

Julai ni Saba Saba. Unaikumbuka kwa maputo na kofia za karatasi, kwa sababu nilikuwa nakupeleka ukiwa mdogo na wewe ulitaka kofia za karatasi. Tarehe yenyewe ni ya kuzaliwa TANU mwaka 1954, na maonyesho ya barabara ya Kilwa yapo tangu miaka ya 1970. Mabanda makubwa ya makampuni pita haraka, wale wanakuhitaji upige nao picha. Nenda moja kwa moja kwa wajasiriamali wadogo, wale wanaoletwa na SIDO, shirika la viwanda vidogo, na wengine waliochangishana kodi ya meza moja. Hapo utakuta asali ya Tabora, korosho za kusini, sabuni ya mwani kutoka Unguja, viatu vya ngozi, na mashine ya kukamua alizeti iliyotengenezwa na fundi ambaye amesimama kando yake na atakueleza mpaka ukimbie. Onja vyote. Chukua namba za simu, kwa sababu mtu huyo mwaka mzima yuko mkoani na anatuma mzigo kwa basi. Mimi nyuzi zangu nilikuwa nazipata hivyo. Siku za mwisho bei hushuka, maana hakuna anayetaka kubeba mzigo kurudi nao Singida.

Agosti nayo ni ya mpira, na hapa sitasema mengi. Mimi ni Yanga, klabu ya mwaka 1935. Wewe uliamua kuniasi ukaenda kwa waliokuja mwaka uliofuata. Nenda kwenye siku yenu, vaa jezi yenu, furahi. Nakuomba tu jezi ukainunue kwa mtu mwenye familia.

Muziki wa dansi naona kizazi chenu mmeuacha, na hili linaniuma kuliko Simba. Bendi ya Msondo inatokana na NUTA Jazz ya mwaka 1964, Sikinde ni ya 1978, na zilipokuwa zinapambanishwa siku ya sikukuu mji uligawanyika kama ndoa mbovu. Wateja wangu walikuwa wanakuja kuchukua suruali saa kumi na moja jioni ili saa mbili wawe ukumbini. Nje ya ukumbi mishikaki, ndani tarumbeta, na mama yako, usimwambie nimekwambia, alikuwa Sikinde damu. Ukisikia kuna onyesho tuambie, tutakuja na goti lake.

Kuna jambo moja sitalipita haraka. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021. Januari 2022 likaungua soko la Karume, Ilala. Katikati ya hapo, mwishoni mwa 2021, machinga wakaondolewa kandokando ya barabara. Ulikuwa chuoni, uliona kwenye simu. Mimi nilikuwa najua nyuso. Wengi hawakuwa na bima wala akiba ya maana. Nitakueleza walivyoinuka wale niliowaona kwa macho yangu. Mwenye duka la jumla aliwapa mali kauli: chukua viatu asubuhi, hakuna karatasi, jioni leta hesabu. Mali kauli haitolewi kwa mtu asiyejulikana. Na wateja waliwatafuta. Kuna mama mmoja wa Kinondoni alizunguka na picha ya kijana wa mitumba kwenye simu akiulizia amehamia wapi, kwa sababu ndiye aliyekuwa anamchagulia nguo za kazini na hakuwahi kumdanganya. Alimkuta. Aliponihadithia alikuwa ameleta gauni nilipunguze kiuno, la kijana huyohuyo.

Sasa mipango. Jumamosi ijayo usilale. Njoo kwetu Ijumaa usiku, alfajiri twende Feri, soko la samaki Magogoni. Mnadani tukifika mapema tutakuta mashua zinashusha, samaki wanamwagwa, dalali anapandisha bei kwa mdomo usiopumua. Kuna wanaojibu kwa kutikisa kichwa tu, kwa hiyo wewe kichwa chako kikae sawa, usije ukatununulia ndoo nzima ya vibua. Wakaanga samaki wa mitaani wanaungana pale, watatu wanne, wananunua fungu moja na kugawana. Tutajibanza kwao, nina mama mmoja ananifahamu tangu nimshonee binti yake gauni la kipaimara. Vijana watatuparia magamba, kisha tutasogea kwa wakaangaji wenye makarai makubwa, tule changu wa moto na ndimu tukiwa tumesimama. Pantoni ya Kigamboni iko hapohapo, ukitaka tutavuka na kurudi kwa ajili ya upepo tu.

Vaa viatu vya kulowa, njoo na ndoo yenye kifuniko, na chenji. Mama yako anasema urudishe hotpoti yake ya bluu, ile uliyobebea pilau ya Idi. Anasema anajua unayo.

Wako,
Baba