Malalamiko: michoro yangu imeskaniwa kama fomu za ofisini

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUSKANIWA VIBAYA KWA MICHORO YA KITABU CHA WATOTO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliwaletea michoro yangu ya asili ya ukubwa wa A4, ya wino, penseli na rangi za maji. Stakabadhi yenu inaonesha wazi kuwa nimelipia iskaniwe juu ya kioo, kwa nukta 600 kwa inchi, na faili ziwe TIFF, yaani aina ya faili ya picha inayotunza ubora wote.

Kwenye flashi nimekuta JPEG, yaani faili za picha zilizobanwa, zenye pikseli 2480 kwa 3508. Huo ni ukubwa wa A4 kwa nukta 300. Kwa nukta 600 ingekuwa takribani 4960 kwa 7016. Mchapishaji anataka kukuza baadhi ya sehemu mara mbili, na kwa faili hizi kingo za wino zinavunjikavunjika.

Kinachoniuma zaidi ni rangi. Kwenye mchoro wa soko la samaki, anga niliipaka buluu nyepesi sana, brashi ikiwa karibu kukauka. Mashine yenu imeiona buluu hiyo kama uchafu wa karatasi, ikaifuta na kuacha mabaka. Vivuli vya penseli chini ya kidevu cha bibi muuza samaki havipo kabisa. Uso wake umekuwa kama sahani. Hayo hutokea skana ikiachwa kwenye mpangilio wa nyaraka, ambao hung'arisha karatasi na kukoleza maandishi. Mkataba wa pango utapendeza hivyo. Mchoro unakufa.

Halafu kila picha ina mstari mwembamba wa kijivu kutoka juu hadi chini, mahali palepale. Mstari huo huletwa na vumbi kwenye skana inayovuta karatasi yenyewe. Kumbe mliipitisha michoro ya asili kwenye rola! Na kweli, penseli ya michoro miwili imesuguliwa na kuchafuka. Hiyo hata ikiskaniwa upya haitarudi.

Naomba michoro iliyosalia iskaniwe upya nikiwepo, juu ya kioo kilichofutwa, marekebisho ya otomatiki yakiwa yamezimwa, kwa kiwango nilicholipia. Kwa miwili iliyoharibika naomba fidia. Kama skana ya kioo hamna, nirudishieni fedha zangu zote.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 7, kwani mchapishaji ananisubiri.

Mteja wenu,
Mchoraji, Dar es Salaam