Laini ya mama, mkopo wa mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wazazi wa Lamu tunaambiana vibarazani lakini hatulifikishi panapostahili, nalo ni namna wakopeshaji wa simu wanavyowafikia vijana wetu wangali wadogo, kwa matangazo na ujumbe mfupi unaowaarifu kwamba wanastahiki fedha ambazo hawakuziomba.

Wengine walitutangulia katika hili kwa njia ya kadi za mkopo. Nchini Marekani mawakala wa benki walikuwa wakiweka meza ndani ya vyuo vikuu na kumpa fulana au chakula kila mwanafunzi aliyejaza fomu ya kadi, hadi ilipopitishwa sheria mwaka 2009 iliyopiga marufuku zawadi hizo chuoni, na kumtaka kijana aliye chini ya miaka 21 athibitishe kuwa ana kipato cha kulipia deni au apate mtu mzima wa kumdhamini. Kwetu kadi hizo ni za wachache. Lakini meza ile imehamia ndani ya simu, na simu haifungwi jioni.

Tatizo la hapa lina sura yake. Mtoto wa miaka 15 hana kitambulisho, kwa hiyo mara nyingi laini anayoitumia imesajiliwa kwa jina la mama au mjomba. Kwa hesabu za mkopeshaji, anayeandikiwa ni mama mtu mzima ambaye kwa miaka amekuwa akipokea na kutuma fedha bila matatizo. Anayeusoma ujumbe ni mvulana wa shule. Kikomo cha mkopo hupandishwa kwa sababu ya mwenendo mwema wa mama, na kijana, ambaye aghalabu anaijua namba ya siri kwa kuwa ndiye anayemsaidia kutuma pesa, anaweza kukopa kabla hajamaliza kunywa chai. Deni lisipolipwa, jina linalofika CRB, yaani ofisi zinazoweka kumbukumbu za wadaiwa, ni la mama. Jirani yangu mmoja aligundua hivyo alipokwenda kuomba mkopo wa kununua mashine ya boti, akakataliwa. Fedha zilikuwa zimekwisha kwenye kamari za simu, ambazo nazo zinastahili barua yake.

Nionavyo, kinachowanasa vijana zaidi ya tamaa ni hesabu. Hawajafundishwa, na wengi wetu hatukufundishwa, kutofautisha riba ya mwaka na ada ya mwezi. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza umekuwa ukitozwa asilimia 4 kwa mwaka. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu iliyoanza mwaka 2012, imejulikana kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukizisikia tu, 4 na 7.5 ni namba zinazokaribiana. Sasa mchukue kijana anayekopa Sh1,000, akarejesha Sh1,075 mwezi ukiisha, kisha akakopa tena kiasi kilekile, na akaendelea hivyo mwaka mzima: atakuwa ametoa Sh900 kwa kuizungusha elfu moja ileile, bila kuhesabu ushuru, ilhali kwa asilimia 4 ya mwaka angetoa Sh40. Na zipo programu zinazotoza zaidi ya hapo na kudai mapema zaidi. Mzazi na akae na mwanawe, wachukue kalamu na karatasi, mtoto aandike tarakimu hizo kwa mkono wake mwenyewe.

Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tunaishia kumwambia mtoto kwamba riba ni haramu. Ni haramu, sina ubishi, lakini katazo lisiloambatana na maelezo humfanya akope kwa siri, na deni la siri hukua pasipo mtu wa kulizuia. Afadhali mzazi awe mkopeshaji wa kwanza: ampe Sh500 bila riba, wakubaliane tarehe, na ahakikishe zinarudishwa. Mtoto anayesamehewa kila mara na babake atadhani wote husamehe.

Wakati wa kuwa macho zaidi ni ule wa kati ya mtihani wa Kidato cha Nne na kuingia chuoni. Kijana anatimiza miaka 18, anapata kitambulisho na laini yake, na mlango wa mikopo unafunguka wote kwa mara moja. Akibeba mizigo jetini au akisaidia kwenye mashua za watalii, kipato chake hufuata msimu, na miezi ya kusi bahari ikichafuka huenda asipate kitu, ilhali mkopo unadai kila baada ya siku 30. Kabla ya hapo mzazi abadilishe namba yake ya siri, na abonyeze *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Baadhi yetu tutashangaa.

Sheria nazo hazituachi mikono mitupu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kuwaandikia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu hivyo. Malalamiko yaliyoandikwa, yenye picha ya ujumbe wenyewe, husikilizwa. Manung'uniko ya kibarazani hayafiki Nairobi.

Ninachoiomba Benki Kuu ni mambo mawili: kikomo cha mkopo kisipandishwe mpaka mwenye laini aombe mwenyewe, na kwa aliye kati ya miaka 18 na 21, mkopeshaji athibitishe kwanza kwamba kijana huyo ana kipato.

Mzazi,
Langoni, Lamu